Mbeya Isitanuke Kama Houston

Kaka yangu mkubwa anataka tuuze nyumba yetu ya Mabatini, jijini Mbeya. Hoja zake ni nzito na sitazipunguza. Nyumba imezeeka, kelele za baa haziishi hadi usiku wa manane, kiwanja ni kidogo kiasi kwamba ukifungua dirisha la jikoni unajua jirani anapika nini, na madalali wanaotafuta mahali pa kujenga fremu za maduka hawachoki kumpigia simu. Kwa fedha hiyo, anasema, tutapata eneo kubwa kule Iganjo au Nsalaga, tujenge nyumba ya vyumba vinne yenye ukuta na geti, mama apande viazi na maharage nyuma ya nyumba, wajukuu wacheze uani bila kuogopa bajaji. Mdogo wetu wa kike, anayeuza vitenge Mwanjelwa, hataki hata kusikia. Mimi niliye mbali nimeombwa niseme neno, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za kujengea itatoka kwangu.

Neno langu ni refu, na naliandika hapa kwa sababu mjadala huu si wa familia yetu peke yake. Karibu kila mtu wa nyanda za juu kusini ninayekutana naye huku Texas, awe Mnyakyusa, Msafwa, Mhehe, Mbena au Mkinga, ana kiwanja pembezoni mwa mji fulani nyumbani au anakitafuta. Wa Mbeya wanaulizia Nsalaga, Iwambi na njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Songwe. Wa Iringa wanaulizia ng'ambo ya Ipogolo. Baada ya ibada simu zinatolewa, picha za mashamba yaliyokatwa viwanja zinapita mkono kwa mkono. Fedha zetu zinachangia kuamua mji uelekee wapi. Na sisi tunaoishi Houston tuna la kusema, maana jiji hili lilishafanya uamuzi huo zamani na tunaishi ndani yake.

Mimi na mume wangu tunaishi Katy, magharibi mwa Houston, karibu kilomita 45 kutoka katikati ya jiji. Tulikuja huku kwa sababu zile zile anazozitaja kaka: nyumba kubwa kwa bei tunayoiweza, shule nzuri, utulivu. Sababu hizo zilikuwa za kweli na bado ni za kweli. Watoto wana chumba kila mmoja. Usiku unasikia vyura. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kudhani ninawadharau wanaotaka nyumba yenye uwanja. Mtu aliyelelewa watoto sita chumba kimoja ana haki ya kutamani nafasi.

Lakini mtaa wetu umechorwa kwa namna ambayo bila gari huendi popote. Barabara zake zinajipinda na kuishia ukutani, njia ya kutokea ni moja, na ukishatoka unakutana na barabara kubwa isiyo na sehemu ya kupita mtembea kwa miguu. Duka la karibu ni mwendo wa gari. Duka la dawa ni mwendo wa gari. Basi halipiti, lililopo ni lile la wafanyakazi, linalowachukua asubuhi kwenye uwanja wa kuegesha magari kando ya barabara kuu na kuwarudisha jioni, na kufika hapo lazima uwe na gari. Nafanya kazi hospitalini katikati ya jiji. Zamu ikianza saa moja asubuhi, mimi natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mume wangu anakwenda upande mwingine kabisa, kwa hiyo magari ni mawili. AAA, chama kikubwa cha wenye magari cha Marekani, kilikadiria mwaka 2023 kwamba gari jipya moja linamgharimu mwenyewe zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka, ukijumlisha mafuta, bima, matengenezo na thamani inayopungua. Zidisha kwa mbili. Kisha rudi ukaangalie ile nyumba ya bei nafuu.

Fedha, hata hivyo, si jambo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni mama.

Mama alikuja kukaa nasi kwa miezi kadhaa. Huyu ni mwanamke ambaye Mabatini anaamka, anafagia uwanja, anavaa kitenge chake na kushuka sokoni Mwanjelwa kwa miguu. Njiani anasalimiana na nusu ya mtaa. Anachagua ndizi za Tukuyu kwa kuzibonyeza, anajua dagaa wa Kyela wamefika lini, anapita kwa mjukuu wake dukani, jioni ana mazoezi ya kwaya. Ni mweka hazina wa kikoba. Akitokea msiba anaitwa yeye kwanza, binti wa mtu akiposwa anaulizwa yeye. Alipofika Katy tulimpa chumba kizuri chenye bafu lake, na baada ya siku chache akaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Majirani wapo, ni watu wema, lakini mlango wa gereji unafunguka, gari linaingia, mlango unafunga. Siku moja mama aliamua kutembea hadi barabara kubwa akaone kuna nini. Mwanamke mmoja wa Kizungu alisimamisha gari akamwuliza kama amepotea au anahitaji msaada, kwa sababu huku mzee anayetembea peke yake kando ya barabara ni jambo la kutia wasiwasi. Mama hajui Kiingereza. Yule mama wa watu alimrudisha taratibu hadi mlangoni, na hakutoka tena peke yake. Alikaa akitazama televisheni isiyo ya lugha yake, miguu ikaanza kuvimba, akawa ananisubiri nitoke kazini nikiwa nimechoka ili nimpeleke mahali ambapo Mabatini angekwenda kwa miguu yake. Mtu aliyekuwa nguzo ya mtaa mzima alikuja huku akawa jambo la kupangiwa ratiba.

Hapo ndipo kipimo changu kilipo. Ukitaka kujua kama mahali pamejengwa vizuri, usimwulize baba mwenye gari. Mwulize bibi, mwulize mtoto wa miaka kumi na miwili, mwulize mama mwenye mimba anayesikia uchungu saa nane usiku na hana usafiri: kutoka hapo, kwa miguu yako na nauli kidogo, unafika wapi? Mabatini pamoja na kelele zake zote inajibu swali hilo vizuri kuliko mtaa wangu. Iganjo ya leo bado haijibu.

Wapo wanaosema Wamarekani walichagua kuishi hivi kwa kuwa ndivyo wanavyopenda. Kupenda kupo, lakini kulisukumwa na serikali kwa nguvu na kwa fedha. Mwaka 1934 iliundwa idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, na udhamini wake uliegemea nyumba mpya za familia moja zilizoko nje ya miji. Baada ya vita kuu ya pili askari waliorudi walipewa nafasi ya kukopa kwa masharti nafuu. Mwaka 1947 huko New York ulianza ujenzi wa Levittown, nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya viazi. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya barabara kuu, kilomita zipatazo 66,000, na serikali kuu ikabeba asilimia 90 ya gharama. Ukimjengea mtu barabara ya bure na ukamkopesha nyumba mwisho wa barabara hiyo, atakwenda.

Na si kila mtu aliruhusiwa kwenda. Mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo, maana yake usikopeshe hapa. Mikataba ya Levittown ilikataza mtu mweusi kuishi humo. Barabara kuu zilipofika Houston zilipita katikati ya mitaa ya watu weusi, Fourth Ward na Fifth Ward, zikaikata vipande. Sheria ya kupinga ubaguzi kwenye nyumba ilikuja 1968, wakati ramani ya mji ilikuwa imeshakauka.

Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa sana hapo. Mji wetu ulioanza miaka ya 1920, enzi za dhahabu ya Lupa, ulichorwa na wakoloni hivyo hivyo: Uzunguni penye miti na viwanja vikubwa, Uhindini penye maduka, Majengo kwa Waafrika. Majina bado tunayatumia kila siku kwenye daladala. Kinachonisumbua ni kwamba tukijenga mitaa ya kuta ndefu na mageti huko nje kwa ajili ya wenye magari, huku wasio nayo wakibaki ndani au wakirundikana milimani, tutakuwa tumeuchora mji ule ule tena, safari hii kwa kipato badala ya rangi.

Turudi Houston, maana kuna mambo matatu hapa ambayo natamani kila diwani wa Mbeya angeyajua.

Kwanza ni barabara. Eneo la jiji la Houston ni zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 2.3. Mkoa mzima wa Dar es Salaam una takriban kilomita za mraba 1,400 na sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Yaani tunaishi wachache kuliko nusu ya Dar kwenye ardhi kubwa kuliko Dar, na bado tuna foleni. Barabara ninayopita kwenda kazini, Interstate 10, ilipanuliwa na kazi ikakamilika 2008 kwa gharama ya dola bilioni 2.8 hivi. Mahali pengine, ukihesabu na barabara za pembeni, ina njia 26. Ishirini na sita! Ndani ya miaka michache foleni ikarudi, kwa sababu barabara pana iliwaita watu wajenge mbali zaidi, nao wakaja na magari yao. Kando ya barabara hiyo palikuwa na reli ya kampuni ya Missouri–Kansas–Texas. Iling'olewa, na ardhi yake ikaingizwa kwenye upanuzi. Leo watu wa Katy wangeitaka treni hiyo, lakini haipo na njia yake imefunikwa kwa zege.

Pili ni maji, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Mafuriko ya 1929 na 1935 yaliharibu katikati ya Houston, basi miaka ya 1940 kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kikajenga mabwawa mawili makubwa upande wa magharibi, Addicks na Barker. Ni mabwawa makavu. Wakati wa kawaida ni nyasi na misitu, mvua kubwa ikija yanashika maji yasiende mjini. Serikali ilinunua sehemu tu ya ardhi inayoweza kufunikwa na maji. Sehemu iliyobaki ilikuwa mali ya watu binafsi, ikakatwa viwanja, ikauzwa, nyumba za matofali zikajengwa, shule zikafunguliwa. Watu walinunua nyumba ndani ya tumbo la bwawa, wengi wao bila kujua. Wakati huo huo mbuga ya nyasi ya Katy, iliyokuwa ikinyonya maji ya mvua, ilikuwa inageuzwa lami na paa. Agosti 2017 kimbunga Harvey kikaja. Ndani ya siku chache ilinyesha zaidi ya milimita 1,000 katika baadhi ya maeneo, kiasi ambacho Mbeya mjini inapata kwa takriban mwaka mzima. Mabwawa yakajaa, maji yakapanda kurudi kwenye nyumba zilizojengwa ndani yake, na yalipofunguliwa yasipasuke yakazamisha nyumba za upande wa chini. Maelfu ya familia. Mwaka 2019 mahakama ilisema serikali inawajibika kwa wale wa upande wa juu. Kwenye mitaa ya jirani niliona magodoro, makochi na vitabu vya watoto vikiwa vimerundikwa mbele ya kila nyumba, mtaa baada ya mtaa, vikisubiri lori la taka.

Nikikumbuka hilo nakumbuka Itezi. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka na kufukia nyumba za watu kata ya Itezi, hapo hapo jijini kwetu. Mlima haukuhama kumfuata mtu. Mji ulipanda ukaufuata, kiwanja kimoja kimoja, kila kimoja kikiuzwa na mtu aliyesema hapa ni salama, bibi yangu alilima hapa. Kulima ni kweli alilima. Kulima na kujenga si sawa.

Tatu, na hili ni la kutia moyo, mji uliotawanyika unaweza kuanza kurudi ndani. Wengi wanadhani Houston ilitapakaa kwa kukosa sheria, kwa kuwa wapiga kura wake waliikataa mara tatu, 1948, 1962 na 1993, sheria ya kugawa mji kwa matumizi, hapa makazi, pale biashara. Sheria nyingine zilikuwepo. Kiwanja cha nyumba kilitakiwa kisipungue futi za mraba 5,000, karibu mita za mraba 465, na kila jengo lilitakiwa kuwa na idadi fulani ya maegesho ya magari. Mwaka 1998 jiji lilikubali, kwa eneo la ndani ya barabara ya mzunguko, kiwanja kiwe kidogo hadi futi 1,400, yaani mita za mraba 130. Mwaka 2013 ikaruhusiwa jiji zima. Sasa ukipita mitaa ya ndani unaona palipokuwa na nyumba moja chakavu zimesimama tatu, nyembamba, za ghorofa tatu, na vijana wanaofanya kazi karibu wanazinunua. Hakuna aliyelazimishwa kuhama. Kilichobadilika ni ruhusa.

Mtaani kwetu Katy ruhusa hiyo haipo. Tuna chama cha wenye nyumba ambacho uanachama wake ni lazima. Nyasi zikizidi kimo unaandikiwa barua. Kuku hapana. Kuweka meza ya vitumbua mbele ya nyumba hapana. Kupangisha chumba cha nyuma kuna masharti yake. Mama alipojua hatuwezi kufuga hata kuku wawili alisikitika kuliko alivyosikitikia baridi.

Sasa Mbeya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Ongezeko hilo la watu zaidi ya laki moja na nusu kwa miaka kumi lilienda wapi? Anayejua mji anajua. Kaskazini kuna mlima Loleza na safu yake, ardhi tambarare ni ukanda, na ndani ya ukanda inapita TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia. Mji umejipanga juu yake kama nguo kwenye kamba moja: Nsalaga, Uyole, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, hadi Mbalizi. Kila anayejenga mwisho wa kamba lazima apite barabara ile ile pamoja na malori ya Tunduma, ya Zambia na ya Kongo. Likifeli breki lori moja kwenye mteremko wa Iwambi, mji mzima unasimama, na mara nyingi kuna mazishi.

Iringa ilipata bahati ya jiografia. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na mji uko juu kilimani. Ndiyo maana hadi leo unaweza kutoka Miyomboni hadi Mshindo kwa miguu bila kupambana na trela.

Nimefurahi kuona barabara yetu inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Ilikuwa lazima, watu wamekufa vya kutosha. Lakini naomba waliopo nyumbani wasiache kuuliza. Je, mwanafunzi wa Uyole atavukia wapi? Vituo vya daladala vitakaa wapi? Njia ya bajaji na baiskeli ipo? Na itakapokamilika, mashamba ya pande zote mbili yataendelea kukatwa viwanja hadi Inyala? Barabara peke yake haitamaliza foleni. Mimi napita kwenye njia 26.

Tena sisi tuna kitu ambacho Katy walikitupa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inaingia kutoka upande wa Inyala, inafika stesheni ya Mbeya upande wa Iyunga, inaendelea Songwe kuelekea Tunduma. Inafuata ukanda ule ule ambao mji unatanukia. Dar es Salaam mwaka 2012 ilianza kubeba abiria wa mjini kwa reli hiyo hiyo, ile ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na Mwakyembe ni mtu wa Kyela. Sisemi ni jambo la kesho. Nasema ardhi ya reli na ya stesheni isivamiwe, asiruhusiwe mtu kujenga fremu juu yake, kwa sababu siku mji utakapofika watu milioni ndiyo njia pekee itakayokuwa imebaki wazi.

Kisha kuna udongo wenyewe. Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana nchi nzima; maharage ya Uyole 96 yamepewa jina la mahali hapo. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, mweusi, unaotoa viazi na mahindi bila kubembelezwa. Mpaka sasa naijua harufu yake mvua za kwanza zikinyesha. Kuumwagia zege ili tupate sebule kubwa ambazo hazikaliwi na mtu ni hasara isiyorudishwa, kwa maana shamba likishakuwa mtaa halirudi kuwa shamba. Na wengi wetu wa ughaibuni ndivyo tunavyojenga: nyumba ya vyumba vitano, mlinzi mmoja, mapazia yamefungwa mwaka mzima. Mtaa wa nyumba kumi za namna hiyo hauna wateja wa kutosha kumweka hata mama muuza genge.

Halafu tuwe wakweli kuhusu kiwanja cha dalali. "Umeme upo nguzo ya tatu tu." "Maji yanakuja mwaka huu." Unajenga, unakaa miaka ukinunua maji kwa madumu, unachangishana na majirani kuvuta nyaya, mvua zikianza bajaji hazifiki. Shamba limekatwa vipande sitini na aliyelikata ameacha njia ya upana wa mkokoteni. Hakuna palipoachwa pa shule, zahanati wala soko. Siku gari la zimamoto au la wagonjwa litakapohitajika halitapita. Baadaye serikali inakuja na urasimishaji, inapima kilichokwisha kujengwa, inawapa watu hati, na ni jambo jema, ila mchoro wa mji unakuwa umeshachorwa na dalali.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyomwandikia kaka, nayaweka hapa kama yalivyo.

Kaka, shikamoo. Nyumba ya Mabatini tusiiuze. Tuijenge kwenda juu. Tumtafute mhandisi aangalie udongo, na msingi mpya usimame kwa nguzo na nondo, kwa kuwa ule wa marehemu baba hauwezi kubeba ghorofa na hatutajaribu. Chini tuweke fremu mbili zinazoangalia barabara, moja ya dada ili aache kulipa kodi sokoni, nyingine ya kupangisha. Nyuma ya fremu, chumba cha mama na choo chake, asipande ngazi. Juu vyumba vya wewe na watoto, na baraza pana upande wa mlima. Kelele ya baa ni kweli. Tutapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na majirani wengine, wamelalamika wao pia, na madirisha ya upande ule yawe ya vioo viwili. Gharama itakuwa kubwa kuliko ya Iganjo kwa kila chumba, nimeshapiga hesabu. Lakini hatutanunua gari, hatutavuta umeme, hatutachimba kisima, na fremu zitaanza kurudisha fedha mwaka wa kwanza.

Viazi vya mama navyo nimevifikiria. Badala ya kununua shamba tukaliua kwa kulijengea, tukodi shamba likabaki shamba. Msimu ukifika anakwenda na wajukuu, wanalima, wanarudi nyumbani kwa watu wao.

Kaka amejibu. Anasema mimi nina nyumba yenye uwanja na nyasi, kisha namnyima yeye. Ana haki ya kulisema, na nimemjibu kwamba ninachomweleza nimekijua kwa kuishi katika nyumba hiyo. Bado anaitaka Iganjo. Nimemwomba kitu kimoja kabla hajampa dalali malipo ya awali: wiki moja, Jumatatu hadi Jumamosi, alale kwa rafiki yake aliyejenga huko, atoke saa kumi na mbili asubuhi na mtoto wake wa shule ya msingi, wapande usafiri uliopo mpaka shuleni Mwanjelwa, na jioni warudi hivyo hivyo. Jumapili ampeleke mama kanisani kutoka huko kwa usafiri huo huo. Amekubali, ila amesema tusubiri mvua zipungue kwanza, kwa sababu kwa sasa njia ya kwenda kwa huyo rafiki haipitiki.